Deni la Mabenki na Deni la Watoto: Ireland Ilivyokabili Yaliyopita Huku Uchumi Wake Ukiinuka

Mwezi Februari mwaka 2013 viongozi wa Ireland walikuwa na mambo mawili mazito mezani kwa wakati mmoja. Tarehe 5 ilitolewa ripoti ya kamati ya Seneta Martin McAleese kuhusu nyumba za kufulia za Magdalene, zilizoendeshwa na masista wa Kikatoliki, ambamo wanawake na wasichana wasiopungua 10,000 waliingia kati ya mwaka 1922 na 1996 na kufanyishwa kazi ya udobi bila ujira. Waziri Mkuu Enda Kenny alieleza masikitiko yake siku hiyo, lakini hakutamka radhi kamili ya dola. Alisema Bunge lingeijadili ripoti baada ya wiki mbili, watu wakishapata nafasi ya kuisoma. Usiku wa kuamkia tarehe 7, Bunge hilohilo lilikesha likipitisha sheria ya kuifilisi IBRC, taasisi iliyokuwa imerithi mzigo wa Benki ya Anglo Irish iliyoporomoka, na Rais Michael D. Higgins alikatisha safari yake ya Italia ili arudi kuitia saini. Tarehe 19 ndipo Kenny alipowaomba radhi wanawake wa Magdalene kwa niaba ya dola na raia wote, huku baadhi yao wakimsikiliza kutoka roshani ya wageni.

Kila jambo lilikuwa na sababu zake. Habari za kuifilisi benki zilikuwa zimeanza kuvuja, na kuchelewa kwa saa chache kungeweza kuleta hasara kubwa. Ripoti yenye kurasa zinazokaribia 1,000, kwa upande wake, ilistahili kusomwa kwa utulivu. Hata hivyo wiki hizo mbili zinaliweka wazi swali ambalo nchi hiyo imekuwa ikihangaika nalo tangu wakati huo: dola iliyoishiwa fedha inawajibika kiasi gani kwa maovu yaliyotendwa na taasisi zake miaka mingi iliyopita, na inapoanza kupata nafuu, je, nafuu hiyo iwe sababu ya kuyafungua ya nyuma au ya kuyafunika? Wengi huyatazama mambo haya mawili kama yanayogombea nafasi moja, hivi kwamba ukiyapa yaliyopita muda na fedha, unayanyang'anya yajayo. Mimi naona historia ya Ireland inakataa mgawanyo huo. Taasisi zinazohojiwa leo zilikuwa, pamoja na mambo mengine, njia ya dola maskini kubana matumizi kwa kuwakabidhi wengine mzigo wake, na walioulipia ubanaji huo ni wanawake na watoto waliofungiwa humo. Wanachodai, kwa hiyo, kina asili ya deni kama hatifungani za benki zilivyokuwa deni.

Jinsi mzigo ulivyokabidhiwa

Ireland ilipoanza kujitawala mwaka 1922, shule, hospitali na malezi ya watoto wasio na matunzo vilikuwa tayari mikononi mwa makanisa, hasa Kanisa Katoliki. Serikali mpya haikuwa na fedha za kuanzisha huduma zake yenyewe, na viongozi wake wengi, wakiwa Wakatoliki waaminifu, hawakuona ubaya wowote katika hali hiyo. Mfumo uliorithiwa kutoka enzi ya Waingereza ukaendelea na kuota mizizi. Chini ya sheria za mwaka 1868 na 1908, mahakama ziliweza kumpeleka mtoto katika shule ya kazi, mara nyingi kwa sababu tu wazazi wake walikuwa fukara au mmoja wao amefariki. Shule hizo ziliendeshwa na mashirika ya watawa wa kike na wa kiume. Artane ya Dublin, iliyokuwa chini ya Mabruda wa Kikristo, iliweza kuchukua wavulana zaidi ya 800.

Serikali ililipa ruzuku kwa kila kichwa. Ukilitafakari jambo hili dogo la kihasibu, utaelewa mengi. Pale malipo yanapofuata idadi ya watoto, shule yenye nafasi tupu inapoteza mapato, na anayeamua mtoto arudi kwao ana sababu ya kifedha ya kumbakiza. Kamati iliyoongozwa na Jaji Eileen Kennedy iliueleza udhaifu huo mwaka 1970 na kupendekeza utaratibu huo wa malipo uachwe. Lakini kwa miongo mingi kabla ya hapo, wavulana walikuwa wakilima mashamba ya shule na kushona viatu, na wasichana wakisafisha, wakipika na kuwalea watoto wadogo kuliko wao, na kazi hiyo yote haikuhesabiwa popote kama mchango wao kwa gharama za kuwatunza.

Wapo wanaosema kwamba hayo ndiyo maisha ya nchi maskini na kwamba kila mtu alikuwa na njaa. Tume iliyochunguza unyanyasaji wa watoto, iliyomaliza kazi yake chini ya Jaji Seán Ryan, haikukubali hoja hiyo. Umaskini unaeleza kwa nini dola iliridhika kutouliza maswali. Hauelezi viboko, njaa iliyowapata watoto katika shule zenye mashamba yao wenyewe, wala unyanyasaji wa kingono ambao ripoti iliuona umeenea katika taasisi za wavulana. Mkaguzi aliyeona makovu na asichukue hatua hakuzuiwa na uhaba wa fedha.

Makazi ya mama na mtoto yaliwapokea wanawake waliopata mimba nje ya ndoa. Nyumba ya Tuam katika kaunti ya Galway, iliyofanya kazi kuanzia 1925 hadi 1961, iliendeshwa na Masista wa Bon Secours, lakini jengo lenyewe lilikuwa mali ya halmashauri ya kaunti, na ni halmashauri zilizolipia gharama za waliokaa humo. Ieleweke pia kwamba jambo hili halikuwa la Wakatoliki peke yao: Bethany ya Dublin ilikuwa ya Waprotestanti, na watoto waliofia humo walizikwa katika makaburi yasiyo na alama. Njia nyingine, yaani kumpa mama mwenyewe posho ili amlee mtoto wake nyumbani, ilianza mwaka 1973 tu, na sheria ya kuondoa tofauti kati ya mtoto wa ndoa na wa nje ya ndoa ilikuja mwaka 1987.

Kuhusu nyumba za Magdalene, kwa muda mrefu serikali ilidai kwamba hizo zilikuwa shughuli za watu binafsi. Ripoti ya McAleese ilivunja dai hilo: katika asilimia 26.5 ya maingizo ambayo njia yake ilijulikana, dola ilihusika kuwapeleka wanawake humo, kupitia mahakama, maofisa wa uangalizi, shule za kazi na taasisi nyingine za umma. Polisi waliwarudisha baadhi ya waliotoroka, na idara za serikali zilipeleka humo nguo zao zifuliwe kwa mkataba. Ripoti hiyohiyo ilisema kwamba kwa jumla nyumba hizo hazikupata faida kubwa, jambo ambalo manusura na watafiti wanaowaunga mkono wamelipinga. Mimi sioni kwamba jibu la swali hilo linabadilisha kitu. Mwajiri asiyelipa mshahara kisha akakosa faida bado anadaiwa mshahara.

Ripoti ilipotua katikati ya mtikisiko

Tuje sasa kwenye uchumi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 Ireland ilikua kwa kasi iliyoishangaza Ulaya, hata wenyewe wakakiita kipindi hicho cha Chui Milia wa Kiselti. Mwanzoni ukuaji huo ulitokana na viwanda na mauzo ya nje. Baadaye ulibebwa na mikopo ya nyumba na ardhi. Usiku wa tarehe 29 Septemba 2008 serikali iliamua kudhamini madeni ya benki sita kuu, yaliyokadiriwa kufikia yuro bilioni 440, ikiamini kwamba benki hizo zilikuwa na tatizo la fedha taslimu tu. Haikuwa hivyo. Hatimaye walipa kodi walitia katika benki yuro bilioni 64, na Novemba 2010 nchi ikaingia katika mpango wa uokoaji wa yuro bilioni 85. Kati ya hizo, bilioni 67.5 zilikuwa mikopo kutoka Shirika la Fedha Duniani, mifuko ya Ulaya, Uingereza, Sweden na Denmark. Zilizobaki zilitoka katika akiba ya nchi yenyewe, ukiwemo mfuko uliowekwa kwa ajili ya pensheni za siku zijazo.

Ripoti ya Ryan ilitolewa tarehe 20 Mei 2009, wiki chache baada ya bajeti ya dharura ya mwezi Aprili. Ilikuwa na juzuu tano, na ushahidi wa watu zaidi ya 1,000 waliosimulia utoto wao katika shule za kazi na taasisi nyingine. Novemba mwaka huohuo ikaja ripoti ya Jaji Yvonne Murphy kuhusu namna Jimbo Kuu Katoliki la Dublin lilivyoficha malalamiko ya unyanyasaji wa watoto dhidi ya mapadre. Mtu aliyeishi Ireland mwaka ule alikuwa akisoma ukurasa mmoja wa gazeti kuhusu mabenki na ukurasa uliofuata kuhusu maaskofu, na alikuta jambo moja likijirudia: watu wenye vyeo walijua, wasimamizi hawakusimamia, na hasara ikaangukia wasiokuwa na sauti.

Ndiyo maana siamini kwamba mtikisiko wa uchumi ulikuwa kizuizi tu kwa haki. Kwa upande mmoja ulifanya kila senti iwe na mgogoro. Kwa upande mwingine ulivunja ile heshima ya woga iliyowalinda wakubwa. Julai 2011, baada ya ripoti kama hiyo kuhusu jimbo la Kikatoliki la Cloyne, Kenny alisimama bungeni na kuishambulia Vatikani kwa maneno ambayo hakuna Waziri Mkuu wa Ireland aliyewahi kuyatumia kabla yake. Novemba mwaka huo serikali ikatangaza kuufunga ubalozi wake kwa Baba Mtakatifu, pamoja na ule wa Iran na wa Timor ya Mashariki. Sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa gharama: ubalozi ule haukuleta faida ya kibiashara. Wengi waliona hasira nyuma ya hesabu hiyo. Januari 2014, mwezi mmoja hivi baada ya nchi kutoka katika mpango wa uokoaji, ilitangazwa kwamba ubalozi ungefunguliwa tena.

Nani alilipa

Mwaka 1999, baada ya runinga ya taifa kuonyesha vipindi vya mwandishi Mary Raftery kuhusu shule za kazi, Waziri Mkuu Bertie Ahern aliwaomba radhi waliolelewa humo. Mwaka 2002 iliundwa bodi ya fidia, na Juni mwaka huo, serikali iliyokuwa ikimaliza muda wake ilitia saini mkataba na mashirika 18 ya watawa. Mashirika hayo yalikubali kuchangia yuro milioni 128 kwa fedha, mali na huduma za ushauri. Nayo dola ikakubali kuyakinga na madai ambayo yangeweza kulipwa na bodi hiyo. Hakuna aliyekuwa amehesabu kwa makini ni watu wangapi wangejitokeza.

Walijitokeza wengi. Bodi iliwalipa watu zaidi ya 15,000, kwa wastani wa yuro zaidi ya 60,000 kila mmoja, na gharama yote ya uchunguzi na fidia ikafikia takriban yuro bilioni 1.5. Baada ya ripoti ya Ryan kuwatikisa watu, serikali ilitaka gharama igawanywe nusu kwa nusu, na mashirika yakaahidi nyongeza ya takriban yuro milioni 350, sehemu kubwa ikiwa majengo na ardhi. Ahadi hiyo baadaye ilipunguzwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliandika mwaka 2017 kwamba kufikia mwisho wa 2015 mchango halisi wa mashirika ulikuwa karibu asilimia 13 ya gharama. Nilipoisoma tarakimu hiyo mara ya kwanza niliwafikiria wafanyakazi waliokatwa mishahara kuanzia mwaka 2009 ili dola iweze kulipa madeni yake, yakiwemo madeni ambayo kwa haki yalikuwa ya wengine.

Fidia yenyewe ilikuja na sharti lililowaumiza wengi: aliyepokea alikatazwa na sheria kutangaza habari za malipo yake kwa namna ambayo ingemtambulisha mtu au taasisi iliyohusika. Watu waliokuwa wamenyamazishwa utotoni walilipwa na kunyamazishwa tena. Mpango wa wanawake wa Magdalene, ulioanzishwa baada ya radhi ya 2013, ulikuwa rahisi zaidi kwa kuwa ulitazama muda ambao mtu alikaa humo: kuanzia yuro 11,500 kwa miezi mitatu au chini yake, hadi 100,000 kwa miaka kumi na zaidi. Mashirika manne yaliyoendesha nyumba hizo yalikataa kuchangia mfuko huo.

Nafuu, na ugumu wa kuipima

Tarehe 15 Desemba 2013 Ireland ilitoka rasmi katika mpango wa uokoaji, ikiwa nchi ya kwanza ya ukanda wa yuro kufanya hivyo. Furaha iliyofuata haikuwa ya bure, na anayetetea manusura hana sababu ya kuibeza. Ukosefu wa ajira ulikuwa umefika karibu asilimia 15 mwaka 2012. Kufikia 2019 ulikuwa karibu asilimia 5. Vijana walioondoka kwenda Australia na Canada walianza kurudi. Mzazi aliyekuwa akizungumza na mwanawe kwa simu tu kwa miaka minne anajua maana ya dalili hizo kuliko mchumi yeyote. Isitoshe, dola yenye mapato ndiyo inayoweza kulipa fidia, kuajiri wataalamu wa kufukua makaburi na kufungua kumbukumbu.

Tarakimu za nafuu hiyo, hata hivyo, zilihitaji tahadhari. Mwaka 2016 idara ya takwimu ilitangaza kwamba pato la taifa la mwaka uliotangulia lilikua kwa asilimia 26. Hakuna aliyeamini kwamba watu wa Ireland walikuwa wametajirika kwa robo nzima kwa mwaka mmoja. Kampuni za kimataifa zilikuwa zimehamishia nchini humo umiliki wa hataza (haki za uvumbuzi) na mali nyingine zisizoshikika. Ikabidi kibuniwe kipimo kingine cha pato kinachoondoa athari hizo. Wakati huohuo kodi za nyumba zilipanda, na idadi ya watu wasio na makazi waliohifadhiwa kwa dharura ilivuka 10,000.

Katika mwanzo huo wa nafuu, mwaka 2014, ndipo dunia iliposikia habari za Tuam. Catherine Corless, mtafiti wa historia ya eneo hilo asiye na wadhifa wowote, alikuwa amekusanya kwa gharama yake kumbukumbu za vifo vya watoto 796 wa nyumba ile na kutambua kwamba kumbukumbu za maziko yao hazikuonekana. Mwaka uliofuata serikali iliunda tume ya kuchunguza makazi ya mama na mtoto, chini ya Jaji Yvonne Murphy. Machi 2017 tume ilithibitisha kwamba mabaki mengi ya watoto yalikuwemo katika vyumba vya chini ya ardhi, ndani ya muundo unaoelekea kuhusiana na mfumo wa majitaka. Ripoti ya mwisho, iliyotolewa Januari 2021, ilichunguza taasisi 18 zilizopitiwa na wanawake wapatao 56,000 na watoto wapatao 57,000. Watoto 9,000 hivi walifariki, yaani takriban asilimia 15. Katika nyumba ya Bessborough huko Cork, robo tatu ya watoto waliozaliwa au kupokelewa mwaka 1943 walikufa.

Ardhi iliyopanda bei

Kuna mahali ambapo nafuu ya uchumi na kumbukumbu ya maovu hugongana waziwazi, napo ni kwenye viwanja. Ilionekana mapema. Mwaka 1993 masista wa High Park, Dublin, waliuza sehemu ya ardhi yao kwa mjenzi, na makaburi ya wanawake wa Magdalene yakafukuliwa ili kumpisha. Kibali kilitaja miili 133. Ilipatikana 155. Baadhi ya wanawake wale hawakuwa na vyeti vya kifo, na wengine walijulikana kwa majina waliyopewa na masista tu. Fedheha hiyo ndiyo iliyozaa harakati zilizofikia radhi ya miaka 20 baadaye.

Uchumi ulipoinuka tena, swali lilirudi. Nyumba ya mwisho ya Magdalene, iliyoko Mtaa wa Sean McDermott na kufungwa Oktoba 1996, ilikuwa imeingia mikononi mwa Halmashauri ya Jiji la Dublin. Watalii walikuwa wengi na vitanda havikutosha, kwa hiyo halmashauri ilipanga kuiuza kwa kampuni ya hoteli ya Kijapani kwa zaidi ya yuro milioni 14. Kwa mantiki ya bajeti uamuzi huo ulikuwa na maana: mtaa ule ni maskini na ungepata ajira. Septemba 2018 madiwani waliyakataa mauzo hayo kwa kura, na mwaka 2022 serikali ikaidhinisha mahali hapo pawe kituo cha taifa cha utafiti na kumbukumbu. Huko Bessborough, ambako zaidi ya watoto 900 walifariki na rekodi za maziko zikapatikana kwa 64 tu, mjenzi aliomba kujenga maghorofa katika mji wenye uhaba mkubwa wa nyumba. Mwaka 2021 bodi ya mipango ilimkatalia kwa hofu kwamba eneo hilo lina makaburi.

Maamuzi hayo yalikuwa na gharama, na nadhani ni haki kuikiri. Kila nyumba isiyojengwa ina familia ambayo ingeikalia. Lakini kiwanja kinaweza kupatikana kwingine. Mahali alipolala mtoto ni hapo tu, na mama aliyezeeka akitafuta hapo hawezi kuelekezwa kwingine.

Lawama ikienea kwa wote

Jambo lililozua ubishi mkali zaidi katika ripoti ya 2021 ni namna ilivyogawa lawama. Tume iliandika kwamba wajibu wa kwanza kwa mateso ya wanawake hao ulikuwa wa baba za watoto wao na wa familia zao, na kwamba makanisa na dola viliunga mkono na kushiriki. Waziri Mkuu Micheál Martin, alipowaomba radhi manusura tarehe 13 Januari 2021, alikiri makosa ya dola kwa uwazi, lakini katika kuizungumzia ripoti hiyo alisisitiza pia kwamba jamii nzima ilikuwa imejitendea hayo.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Baba aliyemfukuza binti yake, jirani aliyenyamaza, mwajiri aliyempa mimba mtumishi kisha akamkana, wote walikuwepo. Lakini jamii nzima haina akaunti ya benki wala kabati la mafaili. Aliyekuwa na mamlaka ya kisheria ya kukagua, aliyetia saini hati za kuwaasilisha watoto, aliyepokea ruzuku, hao wanajulikana kwa majina ya taasisi zao, na ukiitawanya lawama kwa kila mtu, wao ndio wanaonufaika. Watu wa Ireland walilisikia neno linalofanana na hilo wakati wa mtikisiko wa benki, walipoambiwa na wanasiasa kwamba wote walikuwa wamekopa kupita kiasi. Mkopo wa fundi wa kujenga chumba cha ziada na mabilioni yaliyokopeshwa wajenzi wachache na Anglo Irish viliwekwa katika sentensi moja. Kwa upande wa benki, mahakama angalau zilitenganisha: mkuu wa zamani wa benki hiyo, David Drumm, alifungwa miaka sita mwaka 2018 kwa kula njama ya kulaghai. Kwa upande wa makazi ya mama na mtoto hapajawa na kesi ya aina hiyo, na wengi wa wahusika wameshakufa.

Manusura walilalamika pia kwamba ushahidi walioutoa kwa mdomo haukutendewa haki. Desemba 2021 dola ilikiri mbele ya Mahakama Kuu kwamba haki za baadhi yao zilivunjwa, kwa kuwa hawakuonyeshwa rasimu ya sehemu za ripoti zilizowahusu kabla haijachapishwa. Hatua moja iliyopokelewa vizuri zaidi ni sheria ya mwaka 2022 iliyowapa watu walioasilishwa haki ya kupata vyeti vyao vya kuzaliwa na taarifa za asili yao. Haikugharimu hata sehemu ndogo ya fedha zilizotumika kwa benki, na ingeweza kupitishwa katika mwaka wowote wa shida au wa neema.

Hazina ikijaa

Mpango wa malipo kwa waliopitia makazi ya mama na mtoto ulifunguliwa Machi 2024, ukitengewa takriban yuro milioni 800 na kutarajiwa kuwafikia watu 34,000 hivi. Masista wa Bon Secours waliahidi kuuchangia karibu yuro milioni 13. Mtu aliyekaa humo akiwa mtoto kwa chini ya miezi sita hastahili kulipwa chochote. Maana yake ni kwamba mtoto aliyetenganishwa na mama yake akiwa na miezi mitano na kupelekwa kwa watu wengine, tendo lililobadilisha maisha yake yote, yuko nje ya mpango. Wataalamu wa malezi ya watoto walipinga kigezo hicho, na wabunge wa upinzani nao pia. Jibu la serikali lilihusu, pamoja na mengine, gharama.

Hapo ndipo hoja ya uhaba wa fedha inapopoteza nguvu. Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kampuni ya Apple iilipe Ireland yuro bilioni 13 za kodi pamoja na riba, fedha ambazo serikali ilikuwa imepigana miaka minane mahakamani ili isizipokee. Bajeti ya nchi ilikuwa na ziada hata bila hizo. Mwaka 2009 waziri aliweza kusema hazina ni tupu, na alikuwa akisema kweli. Anayeuweka mpaka wa miezi sita katika miaka hii anafanya uchaguzi, na anapaswa kuutetea kama uchaguzi.

Tabia ya kukabidhi mzigo nayo haijakwisha. Tangu mwaka 2000 watu wanaoomba hifadhi nchini humo wamewekwa katika vituo vinavyoendeshwa kwa kiasi kikubwa na kampuni binafsi zinazolipwa na serikali, wengine wakikaa miaka kadhaa na watoto wao. Februari 2021, wiki chache baada ya radhi ya Martin, serikali iliahidi kuufuta mfumo huo kufikia mwisho wa 2024. Vita vya Ukraine vilileta watu wengi kwa ghafla na ahadi haikutimizwa. Sidai kwamba vituo hivi ni sawa na Tuam. Havina vifo vile wala ukatili ule. Nasema tu kwamba mkataba wa malipo kwa kila kichwa, ukaguzi hafifu na wakazi wasio na kura ya kuchagua wabunge ni mchanganyiko ambao nchi hiyo, kuliko nyingi, ina sababu ya kuuogopa.

Huko Tuam uchimbaji ulianza Julai 2025, chini ya ofisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2022, na umepangiwa takriban miaka miwili. Mabaki ya watoto wachanga yamechanganyika, na kuyatambua kunategemea vinasaba vya ndugu walio hai, ambao wengi wao ni wazee. Kila mwaka uliopita kati ya 2014 na 2025 ulipunguza idadi ya ndugu wanaoweza kutoa sampuli, na hasara hiyo haifidiwi na ziada ya bajeti ya mwaka wowote.